Wa Saba ni Wozei

Jumamosi, saa moja kasoro, soko la Mbale bado linapiga miayo,
sisi sita tumekwisha kuinama.
Wa saba, Wozei, hufika na udhuru
na glovu ya mpira, moja tu, ya kushoto.

Hakuna anayetulipa. Mwanzoni
watu walidhani tuna kesi,
kwamba hakimu ametupa fagio badala ya kifungo.
"Mliiba nini?" akauliza mama wa dagaa.
Nandudu, bila kuinua mgongo:
"Muda. Tuliiba muda wa kukaa."

Mimi ndiye mwenye daftari.
Miaka kumi na tisa nilikuwa mke wa sajini,
kambi hadi kambi; Kiswahili changu kinanuka buti,
na nimezoea kuandika kiingiacho na kitokacho.
Basi naandika:
maganda ya matoke, magunia kumi na moja.
Chupa, mia nne na kitu, hesabu ilinipotea.
Kavera, hazihesabiki; zimeng'ang'aniana
kama ndugu wanaogombea shamba la marehemu.
Kiatu cha mtoto. Betri. Betri tena.
Meno ya bandia (mwenyewe hajajitokeza).

Mto Nabuyonga unapita hapo nyuma.
Usiku ule ulipofurika
uliturudishia kila tulichokitupa
tukasema kimekwenda.
Kumbe kilikuwa kinangoja mvua.
Nilivuta mfuko wa sukari chini ya kitanda changu:
jina la duka lililofungwa zamani
bado linasomeka.

Tukaanza na mapipa mawili.
Kinachooza, la kijani. Kisichooza, jekundu.
Wiki tatu tulisimama kando tukielekeza
kama trafiki mbele ya ng'ombe.
Kakai alichora ganda la ndizi kwenye la kijani;
watu wakaona samaki, wakatupa miiba.
Sawa tu. Nayo huoza.

Wiki ya nne, lori la manispaa.
Vijana wakainua la kijani, wakalimwaga.
Wakainua jekundu,
wakalimwaga juu yake.
Wiki tatu, kishindo kimoja.
Wozei akavua glovu. Nilidhani anataka kupigana.
"Mama," dereva akaniambia, kwa upole hasa,
"lori langu lina tumbo moja."
Nikaandika hata hilo.

Jumamosi iliyofuata Nandudu alikuja na toroli la shemeji yake,
gurudumu linalia njia nzima,
akahamishia maganda nyuma ya jiko lake.
Ganda, majani makavu, mavi ya mbuzi, udongo,
ganda, majani makavu,
akifunika kama anayemtandikia mgonjwa.
Majirani wakalalamikia inzi.
Mwenyekiti wa mtaa akaleta barua yenye muhuri.
Daftarini: barua, moja.

Mwezi wa pili alinikamata kiganja
akakizamisha ndani ya lundo.
Moto! Nikauchomoa mkono
kama mtoto aliyegusa sufuria.
Hakuna kuni pale, hakuna kiberiti.
Takataka za soko zima zilikuwa zikijipikia,
taratibu, bila kumwomba mtu ruhusa.

Siku hizi mama wa dagaa huja giza likiingia,
leso hadi puani,
anataka "kidogo tu, cha kabeji."
Nandudu humpimia debe limejaa
wala hamwulizi kaiba nini.

Chupa ndizo zimetushinda.
Zimepanda ukutani kwa Wozei hadi dirishani,
mkewe anawasha taa saa nane mchana.
Mnunuzi wa Kampala aliahidi kuja Jumanne,
hakusema Jumanne ipi.
Na huko juu mlimani mvua imeanza, nausikia mto
ukisafisha koo.

Nimechonga penseli. Leo, kutoka ukingoni:
kavera, hazihesabiki.
Sufuria isiyo na kitako.
Glovu ya mpira, moja, ya kulia.
Rangi haifanani.
Wozei ameivaa.